Namna ya kuandika kitabu ya kuchekesha juu ya mambo ya nyuma ya mupira, kwa bana Lubumbashi

Kama unataka kuandika kitabu ya kuchekesha juu ya mupira, usianze na mambo yenye kila mutu alishaona ku stade. Gadien (mulinda goli) anaachilia balo inapita mu miguu, muamuzi anakatala penalti ya wazi, antrenere anatupa chupa ya mayi chini: hiyo batu balishaicheka siku ileile, ukiiandika leo haina tena chumvi. Kitabu yenye itabamba ni ile inapita ku mulango yenye basupoteri habaingiake, inaingia mu vestiere, mu bisi ya ekipe, mu biro ya sekretere, mu ile nyumba yenye banafungiaka bachezaji siku mbele ya mechi, na ku lupango ya mama yenye anafulaka mayo (nguo za kuchezea). Huko nyuma njo kwenye bituko ya kweli iko, na mutu akiisoma atacheka na tena atajua namna mupira ya kwetu inatembea, maana mambo mingi inaamuliwa na batu benye hatubaone hata siku moya mu televizio.

Mbele ya kushika kalamu, soma muzuri kisa ya Mwepu Ilunga. Mwaka 1974 Zaïre ilienda ku Kombe ya Dunia mu Ujerumani ya Magharibi, inchi ya kwanza ya Afrika nyeusi kufika kule, na mu ile ekipe bachezaji ya TP Mazembe ya hapa kwetu balikuwa mo. Tulipigwa 2-0 na Skotlandi, kisha 9-0 na Yugoslavia, kisha 3-0 na Brazili. Mu mechi ya Brazili njo Mwepu alitoka mu ukuta mbio, ba Brazili bado kupiga foti yao, akatwanga balo mbali kule. Dunia muzima ilicheka, na miaka mingi ile picha ilikuwa inaonyeshwa juu ya kusema Muafrika hajue hata sheria ya mupira. Lakini nyuma ya ile picha mambo ilikuwa ingine: bachezaji balikuwa banangoya makuta yenye baliahidiwa na haikufika, balishatisha kama habatacheza, na Mwepu mwenyewe alieleza kisha kama sheria alikuwa anaijua muzuri sana, alifanya vile juu ya hasira. Na mu ile mechi ya Yugoslavia muamuzi alimutosha Ndaye Mulamba inje na karte nyekundu, ile teke yenye alikuwa anaazibu ilikuwa ya Mwepu, Ndaye hakupiga mutu.

Nakawia kidogo hapa juu hii njo musingi ya kitabu yako yote. Kisa ileile, ukiielezea mbele, muchezaji anaonekana muyinga. Ukiielezea nyuma, benye kuonekana bayinga ni bakubwa benye balikula makuta, na muchezaji tunamuelewa, tunamuonea huruma, na tunacheka na yeye. Kitabu ya kuchekesha inafaa kuwa ya upande ya pili. Kila mara ukimaliza sura, jiulize: hapa nani anachekwa? Kama ni ule yenye halipwe, andika tena.

Sasa habari utaitosha wapi. Hapa Lubumbashi stade mbili kubwa iko: ile ya TP Mazembe mu Kamalondo, yenye ilifunguliwa 2011, na Kibassa Maliba mu komine Kenya, na pembeni ya hizi stade batu benye bashafanya kazi ya mupira miaka na miaka beko tele. Usitafute kwanza bachezaji bakubwa, hawa bashafundishwa kujibu, batakuambia tu "tunashukuru Mungu, kazi inaendelea". Tafuta shofere ya bisi. Tafuta mama yenye anauzaka mihogo na karanga ku mulango tangu wakati ya baba yake, tafuta batoto benye banarudishaka balo, tafuta kine yenye anapakalaka bachezaji mafuta, maana muchezaji akilala pale ku meza miguu inauma anasema bitu yenye hawezi kumuambia hata bibi yake. Tafuta pia bazee ya ma-cheminot (batu ya reli) kwa Lupopo, ile klabu ingine kubwa ya hapa, beko na kumbukumbu kali na banapenda mutu yenye anakaa chini anasikiliza.

Ukifika kwa muzee usimuambie "papa, nielezee kituko". Akisikia vile atanyamaza, ao atatunga. Muulize mambo ya kazi. Mayo inafuliwa wapi, na nani anatosha makuta ya sabuni? Funguo ya vestiere iko kwa nani, na siku akifiwa inakuwaka namna gani? Bisi ikikufa mu njia, nani anashuka kusukuma na nani anabaki ndani? Prime (makuta ya kushinda) ikifika, inapita mu mikono ya ngapi mbele ya kufika kwa muchezaji? Kicheko iko ndani ya jibu, na ye mwenyewe ataanza kucheka, kisha atakumbuka ingine na ingine, hapo we kazi yako ni kufunga kinywa. Mwambie tangu mwanzo kama unaandika kitabu, usimrekodi kwa siri na telefone, na usiende mikono mitupu, kwa muzee munkoyo ya baridi ao bia moya ya Simba inatosha. Usiku uleule andika maneno yake vile alisema, na Swahili yake, juu kesho asubui utakuwa ushaigeuza kuwa Swahili yako na radha itakuwa imepotea.

Kuna pia mambo yenye iko mu historia ya mupira, haina hata lazima ya kuongeza kitu. Fainali ya Kombe ya Afrika ya maklabu ya 1967, TP Englebert (njo Mazembe ya leo) na Asante Kotoko ya Ghana. Mechi ya kwanza 1-1, ya pili 2-2, bakakosa mushindi, CAF (shirikisho ya mupira ya Afrika) ikaamua mechi ya tatu ichezwe Yaoundé. Siku ikafika, Kotoko habaonekane. Kumbe shirikisho ya kwao Ghana haikubaambia kama mechi iko. Kombe ikakuja kwetu. Ao ile ya 2011: Mazembe inatosha Simba ya Dar es Salaam, Simba inalalamika juu ya muchezaji moya yenye makaratasi yake haikuwa sawa, CAF inafukuza Mazembe mu Ligi ya Mabingwa, yenye ilikuwa imebeba mbili mufululizo, 2009 na 2010, kisha Simba inaenda kucheza na Wydad ya Moroko mu Cairo mechi moya tu ya kuamua, inapigwa 3-0. Basupoteri ya inchi mbili balilia juu ya dosie moya. Mambo kama hii usiielezee vile ilikuwa, hiyo ni kazi ya bandishi ya habari. We chukua injini yake: barua yenye haikufika, karatasi yenye haina sahihi. Kisha ingia mu biro yenye ile barua ilikuwa inalala, muone mutu yenye aliiweka mu tiroare juu alikuwa anatafuta karatasi ya kufungia karanga, na umufwate ule mutu saa kwa saa paka siku ya mechi. Hapo njo parodi inazaliwa, unatunga mutu, lakini ugonjwa yenye iko nayo ni ya kweli.

Kisha chagua nani anaelezea. Hii inaamua kila kitu. Batu mingi banachagua antrenere ao muchezaji nyota, mi naona ni kosa, juu antrenere anafukuzwa mbele ya kitabu kuisha na nyota anajiangalia yeye peke. Chagua mutu yenye anaingia mu kila chumba na hakuna mutu anamuona. Kwangu ule yenye anachungaka mayo njo bora kupita bote. Iko mu vestiere wakati antrenere anakasirika, iko mu bisi, iko ku hoteli, prezida anapita mbele yake na telefone ku sikio anasema siri zote sababu kwake ule ni sawa ukuta. Sikia namna anaweza kuanza:

"Mi niko mutu ya mayo. Baantrenere saba balipita, mi niko. Kila moya akifika anasema atabadilisha kila kitu, na anaanza kwa kubadilisha kiti. Prezida akikuja anasalimia kila mutu na mukono. Mi ananipatiaka koti yake nichunge."

Unaona, hakuna maneno ya kujaribu kuchekesha mule. Mutu anaelezea kazi yake na heshima yote. Hii njo sheria yenye bandishi bapya banavunja sana: mutu yenye iko ndani ya kisa hafai kujua kama inachekesha. Akianza kucheka ye mwenyewe, musomaji anaacha. Kwa hivi usiweke "hahaha" mu kitabu, usiweke alama ya mshangao tatu tatu, usieleze kicheko kisha kuitoa. Andika kama vile unaandika raporo ya polisi.

Parodi maana yake unachukua namna ya kusema yenye batu banaijua na unaijaza kitu ingine, na mupira ya kwetu iko na namna mingi ya kusema yenye kila mutu anaijua kwa kichwa. Iko komunike ya komite. Iko kontra. Iko enteviu ya kisha mechi, iko repotaje ya radio, iko barua ya shirikisho yenye inaanza na "Bwana Prezida, tuko na heshima ya" na inamaliza kwa kukuazibu. Tosha komunike za kweli, soma kumi ao makumi mbili, uone mifupa yake: inaanza na shukrani, inapitia kwa Mungu, inafika ku "imani". Kisha andika yako kwa mifupa ileile:

"Komite inajulisha basupoteri bote kama antrenere angali na imani yote ya prezida. Komite inaomba basupoteri babaki na utulivu. Antrenere mupya atafika kesho na ndege ya saa nane."

Kontra nayo ni tamu zaidi, juu ni sheria, na sheria inafunguaka mulango moya na kufunga ingine:

"Muchezaji atapewa nyumba. Nyumba itakuwa na mulango. Funguo ya mulango inabaki kwa prezida paka mwisho ya msimu. Prime ya kushinda italipwa siku ya mechi yenye inafwata, kama nayo ikishindwa itahesabiwa mpya."

Usijaze kitabu yote na makaratasi ya hivi, batu batachoka. Weka moya kati ya sura mbili, kurasa moya, basta.

Hapa nataka tukae kidogo ku namna ya kujenga kisa ndefu, maana kicheko fupi kila mutu anaiweza mu WhatsApp, lakini kitabu inashikwa na kisa yenye inalipa kisha. Tuchukue safari. Lubumbashi kwenda Kolwezi ni kilometre karibu 300, kupitia Likasi, na ekipe yako ndogo ya division ya chini iko na bisi moya. Saa kumi na moya ya asubui batu banapanda. Shemeji ya prezida anafika, hana kazi yoyote mu klabu, lakini anataka kiti ya mbele. Bapiga ngoma nabo banafika na ngoma zao. Viti inakosekana. Mutu moya anasema tutoshe huu mufuko mukubwa pale nyuma, tutauleta na gari ya kisha. Bisi inaondoka. Hapa usiseme mu mufuko muko nini. Endelea na safari: barriere, kushuka, kulipa, gadien ya pili anasimama na mguu moya paka Likasi, mama moya anauza mikate, antrenere anafundisha taktike na chupa za mayi. Musomaji asahau mufuko. Banafika Kolwezi saa ya mechi iko karibu, mutu ya mayo anazunguka bisi mara ya kwanza, mara ya pili. Mayo ilibaki Lubumbashi. Banaenda kuomba ku shule moya ya pale, banapewa mayo ya batoto ya darasa ya sita, inabana mu kifua, na namba saba ziko ine.

Sasa malipo, mara ya kwanza: repotaje ya radio. "Balo iko na namba saba, saba anamupatia saba, saba anarudisha nyuma kwa saba, oo hatari, namba saba anapiga, gadien anashika." Mara ya pili: muamuzi anatosha karte ya manjano kwa saba, kisha ingine kwa saba, kisha anatosha nyekundu, na batu tatu banaanza kutoka. Mara ya tatu, ya mwisho, haifai tena kuwa ku uwanja, inafaa kurudi kwenye kisa ilianzia: banarudi Lubumbashi, bachezaji banapanga mustari ku biro juu ya prime, sekretere anasema makuta imeisha, ya mwisho ilitoka asubui, ilikuwa ya shemeji, ya kazi yake ya kusindikiza mayo. Angalia, kila kicheko hapa iko na sababu yenye ulishaiweka mbele, na mwishowe benye kuchekwa ni bakubwa. Hesabu tatu tu, ukirudisha saba mara ya ine itachosha.

Mambo ya dawa ya nganga utaulizwa, na batu bataishangaa kama haiko mo. Iandike, lakini usiandike ya kutisha na usiandike ya kuzarau. Namna muzuri ni kuiangalia kwa upande ya kazi: nani aliidinisha, iliandikwa namna gani mu hesabu ya klabu, nani alifwata risiti. Na tumia bitu ya pa mahali. Stade ya Kamalondo iko na nyasi ya plastiki. Basi nganga anafikishwa usiku, iko na jembe yake na kyungu yake ya kuzika pa mulango ya goli, anainama, anagusa chini, anasimama. Anamuuliza sekretere: "Chini ya hii kuko nini?" Sekretere anajibu: "Kauchu." Nganga anasema bei itapanda. Hii kisa haiwezi kuandikwa na mutu yenye hajakanyaga pale, na njo sababu inabamba. Tafuta kila mara kitu ya hapa yenye haiwezi kuhamishwa ku muji ingine.

Sasa maneno magumu kidogo. Mazembe na Lupopo zote zilizaliwa 1939, moya mikononi ya bapadri ya Benedikto, ingine kwa batu ya reli, na mu nyumba mingi ya hapa baba ni wa mweusi na mweupe ya Mazembe, mama ni wa manjano na buluu ya Lupopo, batoto banagawanyika. Kitabu yako inafaa isomwe ku meza hiyo bila sahani kuruka. Tunga klabu yako mwenyewe. Majina ya klabu za kwetu inapenda batakatifu, chukua mutakatifu yenye bado hana ekipe na umupatie kazi ya mukono, jina itajitokea. Derbi unaweza kuiweka mo kama kitu yenye iko mbali, bachezaji yako banauza tike za wenzao siku ile juu habajalipwa, lakini usiseme nani alishinda.

Na majina ya batu ya kweli: kwa mambo ya kuheshimu, sawa, taja. Gadien wetu Kidiaba anarukaruka na matako mu Abu Dhabi mwezi ya kumi na mbili 2010, tunapiga Internacional ya Brazili 2-0 na kuingia fainali ya dunia ya maklabu, hiyo ni yetu sote na hakuna mutu atakasirika, hata kama mu fainali Inter ya Italia ilitupiga 3-0. Kwa mambo ya aibu, usitaje hata kidogo, na usijifiche nyuma ya "hii ni kicheko". Sheria ya azabu ya Kongo, article 74, inaazibu mutu yenye anamusingizia mwenzake mbele ya batu jambo yenye inachafua heshima yake. Kubadilisha jina peke haitoshi kama kila mutu atamutambua. Badilisha kazi, badilisha mwaka, badilisha muji, changanya batu tatu kuwa moya. Ku kurasa ya kwanza andika wazi kama ni hadithi ya kutunga.

Kabila acha kabisa. Najua ku stade batu banasema, najua kuna bituko yenye inazunguka na kila mutu anacheka, lakini huu muji ulishaona 1992 na 1993 batu banafukuzwa mu nyumba zao na kupakiwa mu treni juu ya asili yao, na maneno ilianzaka kama muchezo. Kicheko yenye inasimama juu ya kabila haina kazi mu kitabu yako, hata kama musomaji ya kwanza atakuambia njo inachekesha zaidi. Ugonjwa ya mutu pia acha, na mwili ya mutu acha.

Bamama usibaweke tu ku kufula na kuuza mikate. Babinti ya TP Mazembe banabeba Ligi ya Mabingwa ya bamama ya Afrika mu 2024, banapiga AS FAR ya Moroko 1-0 mu fainali kulekule Moroko, kwa hiyo kama mu klabu yako hakuna ekipe ya bamama ni we hauoni muzuri. Na nyuma ya ekipe ya bamama bituko iko mingi ya kuchoma wakubwa: saa ya mazoezi inabadilishwa kila mara juu ya mechi ya wazee ya komite, mayo ni ile yenye banaume baliacha, prezida anafika kupiga picha na kombe yenye hakuangalia hata dakika moya. Mi ningetoa sura mbili nzima hapo.

Lugha. Andika Swahili ya hapa, usiogope. Kundi ya teatre ya Mufwankolo ilichekesha huu muji ku radio na televizio miaka mingi kwa Swahili ya Lubumbashi vile inasemwa mu lupango, na hakuna mutu alikosa kuelewa. Kifaransa nacho kiko na kazi yake: mukubwa akitaka kuficha kitu anaingia mu Kifaransa, akitaka kitu kwako anarudi mu Swahili na anakuita ndugu. Ukishika hiyo peke, dialogi zako zitaishi. Sekretere anasema "la procédure est en cours", muchezaji anajibu "papa, nyumba wananitosha kesho". Chagua namna moya ya kuandika maneno, kama umeandika "bachezaji" ku kurasa ya kwanza usiandike "wachezaji" ku ya makumi mbili, isipokuwa ni mutu ya Dar es Salaam anaongea.

Ukubwa: kurasa 100 inatosha, kicheko ndefu inakufa. Fwata msimu moya, kuanza ile wakati ya baridi ya mwezi ya sita na ya saba, komite iko inanunua bachezaji na makuta yenye haina, paka mechi ya mwisho, kati kati upite mu mvua kubwa yenye inazamisha uwanja ya mazoezi. Sura nane ao tisa, kila moya ianze na shida ndogo sana, sabuni, funguo, kiti, na imalize ikiwa imegusa klabu nzima.

Mbele ya kuchapa, soma kwa sauti. Hii usiiruke. Peleka sura moya pale basupoteri banakaaka jioni, usiseme ni yako, soma tu. Pale banacheka weka alama, pale banaanza kuangalia telefone weka alama ingine, na hapo pa pili ukate bila huruma. Kisha rudi kwa papa shofere na mama ya mayo, basomee kurasa zenye zilitoka kwao. Mama akisema "hii hapana, batoto yangu batanijua", unaitosha, hata kama njo kurasa yako bora. Kile balikupatia ni maisha yao, na kitabu bila wao haiko.

Kuchapa, usikimbilie kopi mingi. Biro za fotokopi karibu na universite zinaweza kukufungia makumi tano na jalada muzuri, uone inaenda namna gani, urekebishe makosa, kisha uongeze. Uza ku mukono. Siku ya mechi weka meza yako ku njia ya kuingilia, saa mbili mbele ya kuanza, batu beko na furaha na makuta bado iko mu mufuko. Kisha mechi usijaribu, nusu haitaki kucheka na nusu ingine iko inakimbilia bia. Sura ya kwanza uitume bure mu WhatsApp, yote, haikatwe, na chini yake uandike bei na pa kuipata.